Chumba Kisicho na Shikamoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa chumbani kabla sijakaa. Kosa langu lilikuwa kusema hodi.

Nilikuwa nimetoka Maisaka kwa miguu hadi Singe, pembeni ya mji wa Babati, nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kuazima. Nikakuta mlango mweupe, nikausukuma kidogo, nikasema, "Hodi humu ndani? Shikamooni." Watu wawili waliokuwa wameinama mbele ya kabati la kioo hawakuinua hata nyusi. Nikawaza, hawa watu wamelelewa wapi? Wa tatu akaja mbio, akanishika kiwiko, akanitoa nje, akafunga mlango, ndipo akapumua. Huyo alikuwa Mkuu wa Maabara, mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Unaitwa nani, mama?"

"Veronika. Mama Emanueli."

"Mama Emanueli, kinywa cha mtu kina wadudu wengi kuliko choo cha stendi. Changu, chako, hata cha askofu. Ukisema hodi mle ndani, umewatema wote kwenye chupa zangu. Mle hakuna hodi, hakuna shikamoo, hakuna pole na kazi. Umenielewa?"

"Ndiyo, mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa nje unaruhusiwa."

Ninyi vijana mnaokuja kununua miche iliyopangwa vizuri kwenye vifuko, mkapiga picha mkaondoka, mnadhani mti ni mbegu na maji. Sisi tuliotesha mimea ndani ya chupa. Unachukua kipande cha mmea, kidogo kama punje ya mahindi, kwenye kifundo pale jani linapoungana na tawi, maana pale ndipo chipukizi limelala. Unakiosha kwa dawa mpaka kisiwe na mdudu hata mmoja, unakilaza ndani ya chupa yenye chakula kilichoganda. Kikichipua unakikata tena vipande, kila kipande chupa yake. Hivyo mmea mmoja unazaa mingine mingi inayofanana nao kabisa. Lakini kile chakula kina sukari, na ukungu unapenda sukari kuliko mtoto wa shule. Ukiingia, ndani ya siku chache chupa inaota manyoya meupe na mmea unakufa. Kazi yetu yote, ukiondoa maneno makubwa, ilikuwa vita na ukungu.

Nilianzia kwenye karai. Mwaka mzima niliosha chupa, kwa sabuni, kwa brashi, kwa maji ya moto, mpaka kucha zikalainika. Kisha nikahamishiwa jikoni, tunakopika hicho chakula cha mimea: sukari, chumvi za aina aina zinazopimwa kwa mizani ndogo, homoni za kuamsha chipukizi au mizizi, na unga wa kugandisha unaotokana na mwani. Huko nilikuwa chini ya Anjela, msichana wa Bagara mwenye ulimi mkali, aliyekuwa msimamizi wa sufuria la mvuke. Sufuria lile lilikuwa na mfuniko mzito unaokazwa kwa skrubu, na kila chupa, kila kisu, lazima vipite humo. Anjela alikuwa anakaa na saa mkononi. Ukimwambia dakika zimetosha, anakujibu, "Zimetosha kwako au kwa saa?"

Mwaka wa tatu nikaingia chumba cha kuhamishia, kile kile nilimofukuzwa. Unakaa mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, umefunga kitambaa mdomoni, mkononi kibano na kisu kidogo, pembeni taa ya spiriti. Kila baada ya chupa unachovya kibano kwenye spiriti na kukipitisha kwenye moto. Chupa ikiwa wazi, husemi. Nilizoea, ingawa si haraka. Mimi ni mtu wa Mbulu, nimelelewa kusalimia mpaka mbuzi.

Na hapo niwaeleze habari za baba mkwe wangu, Mzee Tluway, maana bila yeye nisingekanyaga Babati. Nilipopata kazi ile, ndugu wa mume wangu walikuja juu. Mke wa boma letu aende mjini akaoshe chupa, shamba alime nani? Mzee aliwasikiliza mpaka wakachoka. Akasema, "Nitalima mimi. Mwacheni aende." Alikuwa na miaka sabini na ushee, na alilima kweli. Kwa hiyo mkinisikia nikisema nilimheshimu, si heshima ya mdomo.

Kazi yetu kubwa ilikuwa migomba ya wakulima. Kisha akaja Mama Hansa.

Mama Hansa alikuwa mjane wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Nyuma ya duka kulikuwa na mtini mtakatifu, mti ambao watu wa dini yake wanauheshimu na kuuita pipali. Ulipandwa na baba wa mumewe alipofungua duka. Wengi wenu mmewahi kuona majani yake: umbo la moyo, na ncha ndefu kama mkia wa panya. Sasa shina lilikuwa limeoza ndani. Tawi moja lilishaanguka juu ya bati la fundi cherehani jirani, bahati nzuri alikuwa ametoka kula. Mti ukaamriwa kukatwa.

"Mume wangu alikufa ameketi chini yake," Mama Hansa alimwambia Mkuu, mimi nikiwa pale nimeshika trei. "Sitaki pipali nyingine kutoka Arusha. Nataka mtoto wa huu. Mkishindwa, semeni sasa."

Mkuu alimweleza ugumu bila kumficha. Tini za mti ule huchavushwa na nyigu mdogo wa huko kwao, na kwetu nyigu huyo hayupo, kwa hiyo mbegu ni tupu. Vijiti walishapanda, vikaoza vyote, maana mti mzee hauoti mizizi kirahisi. Ilibaki chupa.

Tulijaribu mara mbili, tukashindwa mara mbili. Mtini una utomvu mweupe, ukikata tu unatoka, na ndani ya chupa unageuka mweusi na kuutia sumu mmea wenyewe. Mara ya tatu Mkuu akaagiza tutie unga wa mkaa kwenye chakula ili unywe ule weusi, na vipande tuviloweke majini kwanza. Nilikwenda kuchukua matawi siku ile ile ya kukata. Wenye misumeno walinisubiri nimalize. Nilipofika Singe na mfuko wangu wenye maji, mti ulikuwa tayari umelala chini. Jamani, nilisikia uchungu kama nimetoka msibani.

Safari hii vikachipua. Si vingi, lakini vikachipua, vijani vidogo vyekundu-vyekundu kama masikio ya sungura mchanga. Tulipoona vimefika urefu wa kukatwa, Mkuu alinikabidhi mimi. "Mama Emanueli, una mkono mtulivu. Trei tatu, chupa kumi kumi. Ukimaliza, chupa za mwanzo hazina kitu tena. Mti wote uko mikononi mwako." Aliyasema kwa sauti ya kawaida.

Nilianza asubuhi. Trei ya kwanza nilimaliza vizuri, nikaibeba mwenyewe hadi chumba cha taa, ambako chupa zote hukuzwa, nikaiweka rafu ya juu. Nikarudi, nikaanza ya pili. Wenzangu walikuwa wametoka kula. Mlinzi alikuwa ameenda kuteka maji. Nimefungua chupa, kibano kiko hewani na kipande cha mtini kimening'inia, nikasikia nyuma yangu, "Hodi."

Sikujibu. Kanuni.

"Hodi wenyewe?"

Sikujibu. Mlango ukafunguka. Nikageuza kichwa, na Mungu wangu, alikuwa Mzee Tluway! Kofia mkononi, koti lake la sherehe, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi, na kibuyu cha asali. Alishuka kutoka milimani kuja kumshukuru bosi wangu kwa kunitunza. Alisimama pale, akanitazama, akasubiri.

Mniambie ninyi, mngefanyaje? Mkwe hasalimiwi kwa kutikisiwa kichwa, tena mkwe yule, tena umemwacha mlangoni anapiga hodi kama mkopeshaji. Niliweka kibano mezani. Nikashusha kitambaa mdomoni, nikainuka, nikampa mikono yote miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto? Kazi?"

"Nzuri, baba. Mama huko nyumbani? Ng'ombe?"

"Wote wazima. Mbona humu baridi?"

Na chupa wazi. Na kabati likipuliza. Nilimtoa nje taratibu, nikamketisha kivulini, nikarudi mbio, maana vipande vikikauka vimekufa. Nilichovya kibano kwenye spiriti lakini sikukipitisha kwenye moto. Mikono sikunawa. Nikajiambia, salamu moja tu, itafanya nini? Nikamaliza trei ya pili na ya tatu kwa kibano kile kile.

Siku ya nne chupa zikaota manyoya.

Niliona mimi wa kwanza. Trei ya pili chupa saba, trei ya tatu nane. Nikamwita Mkuu. Mkuu alipoona hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alituita wote jikoni, akafungua daftari la sufuria.

"Ukungu wa namna hii ni wa chupa zisizoiva," alisema. "Anjela, siku ile ulichemsha dakika ngapi?"

"Zote, mkuu."

"Umeme ulikatika asubuhi ile."

"Ulikatika nikaanza upya, nikaandika. Soma hapo." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Mkuu, mimi sijawahi kutoa chupa mbichi kwenye sufuria lile. Sijawahi!"

"Basi mwingine yeyote ana la kusema?"

Nilitazama sakafu. Msidhani niliogopa kupoteza kazi tu, ingawa niliogopa. Niliona nikifungua mdomo, habari itafika Mbulu kwamba Mzee Tluway aliyevaa koti la sherehe kuja kushukuru ndiye aliyeua mti wa mjane. Ningemtajaje mbele za watu? Nikanyamaza. Siku ya pili nikanyamaza tena, na Anjela akaambiwa aandike barua ya kujieleza.

Sasa sikilizeni kanuni ya pili ya maabara. Ukungu ukienea bila chanzo kujulikana, kundi zima linarudishwa kwenye mvuke, pamoja na chupa zinazoonekana safi, kwa sababu usafi wa macho si usafi. Mdudu anaweza kukaa kimya wiki nzima. Na chumba cha taa kilikuwa kimejaa migomba ya wakulima wa tarafa nzima. Mkuu hakuwa na roho mbaya. Angefanya nini kingine?

Asubuhi ya siku ya tatu alimwita Mama Hansa ili amweleze ana kwa ana. Lakini kwenye simu alimwambia tu aje, na mama wa watu akaelewa vingine. Alikuja na kikapu kilichotandikwa kitambaa safi chekundu. Nilipita varandani nikiwa na ndoo, akaniita.

"Mama Emanueli, mche utaenea humu? Au nilete kikapu kikubwa?"

Niliiacha ndoo pale pale. Niliingia jikoni. Anjela alikuwa ameshapanga chupa zote thelathini ndani ya sufuria, macho mekundu, anakaza skrubu za mfuniko moja baada ya nyingine. Mkuu kasimama pembeni. Zilibaki skrubu mbili.

"Toeni trei ya kwanza," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena, safari hii kwa kelele, "Anjela, acha! Fungua! Trei ya kwanza ni safi!"

"Unajuaje?" Mkuu aliuliza.

"Najua kwa sababu aliyechafua ni mimi."

Nikayamwaga yote. Hodi, koti, kibuyu, mikono miwili, kibano ambacho hakikuona moto. Nilimtaja baba mkwe kwa jina, mbele ya watu wote, huku machozi yakinitoka. Anjela aliniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza.

Mkuu alivua miwani. "Trei ya kwanza ilitoka chumbani kabla hajaingia? Usinidanganye."

"Kabla. Niliibeba kwa mikono yangu. Kibano kilikuwa kinapita motoni kila chupa."

Aliivaa tena miwani. Kisha akasema, "Fungua."

Zile chupa kumi hazikurudi chumba cha taa. Alizifungia ofisini kwake chini ya taa moja, peke yake na ufunguo, na Mama Hansa akaambiwa ukweli wote, mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kile kitambaa chekundu, akaondoka bila kuaga. Wiki tatu zilizofuata sikulala usingizi wa maana. Kila asubuhi nilisimama mlangoni kwa Mkuu, naye ananionyesha vidole: kumi. Kumi. Siku moja tisa, nikaenda kujifungia stoo nikalia. Kisha nane. Kisha nane tena, na tena, mpaka akasema, "Basi, kaendelee na kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa karai. Nilirudishwa kuosha chupa nusu mwaka na sikulalamika. Anjela nilimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, kama nilivyomwacha asemwe mbele yao. Alininunia mpaka Kwaresima ikaisha. Siku ya Pasaka alinitumia sahani ya pilau bila neno, nikaila yote.

Zile nane zikakatwa, zikatiwa kwenye chakula cha mizizi, zikaota. Kisha kibanda cha kuzoesha, ambako mmea uliozaliwa chupani unafundishwa upepo: unaufunika nailoni, unaifunua kidogo kidogo kila siku. Hapo mingi hufa, na yetu mingine ilikufa. Mitano ikasimama.

Mkuu naye alifundwa. Alitengeneza benchi, akaliweka nje ya mlango mweupe, akagongelea ubao: "Salamu zote hapa." Kuanzia siku ile, mgeni akija, kengele inalia, aliye ndani anafunika chupa yake, anatoka, mnakaa benchini mnasalimiana mpaka mridhike. "Nimeajiri watu wa Mbulu," alisema, "siwezi kujifanya nimeajiri mawe."

Kumweleza Mzee Tluway niliona ni juu yangu. Nilipanda basi nikaenda. Alisikiliza, akainamisha kichwa. "Kumbe ni mimi niliyeua?"

"Si wewe, baba. Ni mimi sikufunika."

Tangu siku ile, kila nilipofika kwake, hata nikimkuta zizini, aliinua mkono kabla sijafungua mdomo. "Subiri. Umefunika?" Na mimi lazima nijibu, "Nimefunika, baba. Shikamoo." Ndipo anaitikia, anacheka mpaka anakohoa. Mwanzoni niliumia. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananisamehe na kujisamehe kwa pamoja.

Mama Hansa alikuja na kikapu kikubwa. Mche mmoja alipanda uani kwake Bagara, mbali na ukuta safari hii. Mitatu ikabaki kwetu, na kutoka kwayo ndiko imetoka mitini yote mnayoiona kwenye bustani za hoteli za kando ya ziwa na viwanja vya shule. Wa tano alinirudishia mkononi. Nilidhani una kasoro.

"Huu mpelekee yule mzee aliyekuja kusalimia," alisema.

Miaka ikaenda. Mkuu yule alistaafu, akaja mwingine, mwanamke, mpole kwa maneno na mkali kwa kanuni. Nikafanywa msimamizi wa chumba cha kuhamishia, nikafundisha wengi, na wote nimewatoa nje kwa kiwiko angalau mara moja. Wanasema nina hasira. Ninazo. Lakini siku mtu akikosea nilimwambia jambo moja tu: sema leo, maana kosa ukilisema linatuonyesha kilicho salama, na ukilificha tunachoma vyote. Hilo ndilo nililojifunza kwa kazi yote ile, mengine yako vitabuni.

Mwezi uliopita nilistaafu. Chupa yangu ya mwisho ilikuwa ya mtini, nikapitisha kibano kwenye moto, nikaikaza kifuniko, nikaibeba chumba cha taa. Walinipa kitenge na keki. Anjela, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu na bado ana saa mkononi, aliniketisha benchini akanisalimia mara tatu mfululizo, tukalia kama wajinga.

Kesho yake nikapanda basi la Mbulu. Mzee Tluway alishafariki, mvua mbili zimepita, na mimi sikuwepo. Nilikuwa chumbani, mlango umefungwa, na waliopiga simu walipiga mpaka wakachoka. Hilo halijanitoka moyoni na sidhani litatoka. Mtini wake umekuwa mkubwa, uko hatua nyingi kutoka kaburini, maana mizizi yake haina adabu, lakini kivuli cha jioni kinafika.

Nilisimama pale na mkoba wangu. Nikasubiri kidogo, kwa mazoea, aniulize. Kisha nikakaza kitambaa kichwani.

"Nimefunika, baba," nikamwambia. "Shikamoo."